Maji ya kumwagilia mimea nyumbani Mombasa: yapi ya kutafuta kwanza, yapi ya kuyaacha

Mrehani, pilipili na ndimu za kwenye mikebe havidai maji masafi kama ya kunywa. Vinadai maji yasiyo na chumvi. Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa chumvi kwanza, halafu bei, kwani Mombasa maji ya bei poa mara nyingi ndiyo hayo hayo yenye chumvi. Jua hukausha maji, chumvi ikabaki kwenye udongo, na kesho yake unamwaga nyingine juu yake. Kondeni mvua huisukuma chini, lakini kwenye mkebe haina pa kwenda. Utaiona: ncha za majani zinageuka kahawia na kukauka, na ukingo wa mkebe unafanya ukoko mweupe.

Kabla ya maji, basi, nunua kipimo. Mita ya TDS, yaani ya kupima chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, ni kidude kama kalamu, unakitumbukiza majini kikakusomea miligramu kwa lita. Zile za bei ya chini zinatosha kwa kazi hii. Mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ni rahisi kuukumbuka: chini ya 450, mwagilia bila wasiwasi, kati ya 450 na 2,000, chagua mmea na uwe mwangalifu, zaidi ya 2,000, ni taabu kwa mimea mingi. Maharage, karoti na vitunguu ndivyo huumia mapema. Pilipili na ndimu hazichelewi kufuata. Nyanya inavumilia kiasi, kunde zaidi, na mtende ndio usiojali. Huna mita? Nawa mikono kwa sabuni ya mche. Sabuni ikigoma kutoa povu, maji hayo yana mambo.

Namba moja ni mvua, na haina mshindani kwa ubora. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kipande cha mabati cha mita 3 kwa 5, mvua ikinyesha milimita 20, kinashusha lita 300. Toa zinazoruka na kuvuja, umebakiwa na kama 240. Pipa la lita 210 limejaa kwa mvua moja nzuri. Shida ni majira. Pipa hujaa masika, hasa mwezi wa Mei, wakati mimea yenyewe imelowa na haitaki kitu. Januari na Februari, upepo wa kaskazi unavuma na jua linachoma, pipa ni tupu. Mikebe 12 ikinywa lita moja moja kwa siku, pipa hilo ni la siku 17 tu. Mwenye nafasi ya tangi kubwa anunue tangi. Mwenye pipa moja asiyamalize kwa pupa. Ayaweke ya kuchanganyia, nitaeleza mbele.

Kwenye kununua pipa, uliza lilikuwa na nini. Mji wa bandari huu, mapipa yaliyotumika ni mengi, na si yote yalibeba mafuta ya kula. Fungua kifuniko unuse. Likitoa harufu ya rangi au dawa, achana nalo hata ukipunguziwa nusu bei. Mvua ya mwanzo baada ya kiangazi iache ipite, maana kunguru wetu hawajawahi kuacha paa likiwa safi. Kisha funika kwa wavu mzito, uufunge kwa kamba. Mbu wa dengue hutaga kwenye maji safi yaliyotulia, na Mombasa tumeshaona milipuko ya dengue, mwaka 2013 na tena 2017, kisha chikungunya ikafuata. Paa la makuti lisikusumbue. Maji yake ni machache, yana rangi ya chai na takataka.

Namba mbili ni maji ambayo tayari umeyalipia: ya kuoshea mchele, mboga na matunda. Ni machache lakini hayakosekani siku hata moja. Yamwage siku hiyo hiyo, yakilala yananuka. Ya kuoshea samaki yanafaa mti wa uani, mnazi au mpapai. Ukiyamwaga kwenye mkebe barazani, paka wa mtaa mzima watakuja kuufukua. Yenye chumvi ya kupikia au jiki, mimina chooni. Kwenye kundi hili natia pia maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi, ambayo hayana chumvi karibu kabisa na kwa unyevu wa hewa yetu yanaweza kujaza ndoo. Mimi ningeyaweka kwenye maua, kwa sababu yamepitia vyuma na vumbi la mashine, si kwenye mboga za kula.

Ya tatu ni mfereji. Maji ya mji yanatoka mbali: Mzima kule Tsavo, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere kwenye Shimba Hills, na visima vya Tiwi. Kwa mimea ni mazuri, na dawa iliyotiwa haiui mimea. Ukitaka, yaache kwenye ndoo wazi usiku mmoja. Hayaji kila siku, hilo halihitaji kuelezwa. Lakini wapangaji wa magorofa, sikilizeni: maji yanayotoka kwenye mfereji wako huenda si ya mji. Kaunti ikifunga, wenye nyumba wengi hujaza tangi la juu kwa kisima chao, na humo ndani yanachanganyika. Pima leo, pima tena wiki ijayo. Namba ikiruka kutoka 400 hadi 1,300, umeshajua kilichofanyika.

Maji ya mkokoteni nayaweka ya nne kwa sababu ya bei na kwa sababu ya ahadi. Mikebe 12 ile ile ni lita 360 kwa mwezi, yaani mitungi 18 ya lita 20. Zidisha kwa bei ya mtaani kwako uone kama pilipili zako zinarudisha. Na kila muuzaji atakwambia, "Haya ya mfereji, mama, wallahi." Mwambie akumiminie kidogo kwenye kikombe, utie mita. Mwenye maji mazuri hakasiriki.

Kisima ni cha tano, ingawa kwa kunde, mwarobaini na bogenvilia ningekipandisha hadi cha pili, kwa urahisi wake. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu, bahari inapenya chini kwa chini, na kadiri maji yanavyovutwa kwa wingi ndivyo chumvi inavyopanda. Visima viwili vya mtaa mmoja vinaweza kutofautiana kabisa, kwa hivyo sifa za jirani si kipimo. Mwamba huo huo hauzuii uchafu wa vyoo vya shimo, basi mwaga kwenye shina, usirushie majani ya mboga utakazokula mbichi. Hapa ndipo pipa la mvua linapolipa: kisima cha 1,500, sehemu moja kwa sehemu mbili za mvua, kinashuka hadi karibu 520, na hapo hata pilipili inapona. Toa visahani chini ya mikebe, na kila baada ya muda mwaga maji matamu mengi hadi yatoke kwa chini, yaondoke na chumvi iliyokusanyika. Masika, isukume mikebe yote nje ya baraza, mvua ikufanyie kazi hiyo bure.

La mwisho ni maji ya kuchujwa ya dukani, yale ya kujaziwa chupa kubwa. Mimea itayapenda, mfuko hautayapenda. Na ukiona mpira unaomwaga maji nyuma ya duka, usiombe ya bure: hayo ndiyo yaliyobeba chumvi yote ambayo mashine imeikataa.