Nyota 4 kwa mafundi wa faya alamu waliokuja chuoni kwetu, ile ya 5 wanajua wenyewe kwanini

Naandika nikiwa nimetulia sasa, maana wiki tatu hivi nilikuwa silali. Nipo kitengo cha majengo kwenye chuo kimoja hapa Dar, upande wa Ubungo huku, na kati ya mizigo yangu kuna kontroli rumu ya faya alamu. Majengo 11, kila jengo lina paneli yake, yani boksi linalokusanya taarifa za vinasa moshi vya jengo, paneli zote zinapiga simu kwenye risiva moja iliyopo kwetu, ile mashine ya kupokea hizo simu, risiva inaipa kompyuta na kompyuta inatuandikia ni jengo gani na kuna nini. Ikiandika moto, mlinzi mmoja anakimbia kuangalia, mwingine anapiga 114 ya zimamoto. Basi, hakuna uchawi.

Shida ilianza tulipobadilisha kompyuta. Ukawa unatokea mstari mwekundu, "akaunti haijulikani", hausemi jengo wala chumba. Mwanzo ulikuwa mmoja tu kila usiku, afu ikaanza kuja na mingine mchana bila mpangilio, leo namba hii kesho ile. Mzee wetu wa zamu ya usiku ndo aliniambia, namwamkia asubuhi shikamoo, ananijibu "marahaba mwanangu, kuna jengo linaita usiku ila halitaji jina". Nikacheka. Siku ya nne sikucheka.

Wa kwanza kuitwa hawakuwa hawa. Ilikuja kampuni nyingine, siitaji, wana gari zuri na fulana zenye kola. Walikaa dakika 40, wakasema risiva imekufa, profoma milioni 19. Na eti wakati tunatafuta hiyo pesa wakatuachia "suluhisho", wakaipanga programu kwamba akaunti yoyote isiyojulikana isilie, iingie kwenye faili huko pembeni. Kukawa kimya. Bosi akafurahi sana. Mimi roho ikakataa kabisa, yani mtu anagonga mlango usiku wa manane humjui ni nani, badala ya kuchungulia dirishani unaziba masikio na mto? Jioni ileile nikaitoa hiyo filta, kelele zikarudi, na bosi akaninunia.

Hawa jamaa nilielekezwa na duka moja Kariakoo tunaponunuaga ditekta, yani hivyo vinasa moshi, na resista. Walikuja wawili. Walichelewa masaa mawili na nusu, sababu foleni ya Mandela, sawa, kila mtu Dar ana hiyo sababu. Ila walipofika kitu kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyeshika bisibisi. Yule mkubwa akasema "dada'angu, naomba uniprintie matukio yote ya mwezi mzima, hata yale mnayoona hayana maana". Akakaa na kalamu ya rangi kwenye kona, akaomba maji, saa nzima anachora mistari tu. Nikaanza kujiuliza kama nalipia mtu kusoma.

Kumbe ndo kazi yenyewe. Alivyoniita akanielewesha kama unavyomwelewesha mtoto, na sikukasirika maana miaka minne nakaa na hiyo mashine hakuna aliyewahi. Paneli ikipiga simu inatuma tarakimu kwa milio, kama ile unayoisikia ukibonyeza simu. Hiyo lugha inaitwa Contact ID. Zinatangulia tarakimu 4 za akaunti, yani jina la jengo, baadaye inakuja namba ya tukio yenye tarakimu 3, halafu eneo na ditekta. 110 ni moto. 301 umeme umekatika. 302 betri imechoka. 602 ni paneli inajitest kwa ratiba, inakuambia nipo hai. Akaniwekea kidole kwenye ule mstari wa kila usiku, saa 9 na dakika 12, siku zote 30, namba 602. Akasema "huyu hajachanganyikiwa hata kidogo, huyu anaripoti kazini kila siku, nyinyi ndo mmemfuta kwenye orodha ya wafanyakazi".

Haya, yuko wapi sasa? PABX yetu ya zamani, ile mashine inayounganisha simu za ndani ya chuo, haitunzi rekodi za simu za ndani, kwahiyo huwezi kujua ekstensheni gani ilipiga. Jamaa akaja na akili nyingine, kwamba tukizima umeme jengo moja moja, paneli yake itatuma 301, tutaona ni lini huyo mgeni atalalamika. Ila haitumi papo hapo. Paneli nyingi zimepangwa zisubiri kwanza, zetu zinasubiri saa moja, ili umeme ukikatika nchi nzima risiva isipigiwe simu na kila jengo kwa dakika moja. Na ndo maana hatukuwahi kuiona 301 yake, sisi umeme ukikatika jenereta linawaka kabla hiyo saa haijafika.

Jumamosi wanafunzi wakiwa wachache tukazima. Jengo moja, unasubiri. La pili, unasubiri. Tulikunywa juisi ya miwa mpaka nikaichukia. Jengo la sita, lile lililokuwaga hosteli kabla halijageuzwa maofisi, saa moja na dakika tatu baada ya kuzima, mstari mwekundu huo, 301, akaunti ileile ya saa 9 usiku. Mzee wa zamu, ambaye hata hakuwa kazini ila alikuja kuona, akapiga makofi.

Tukapanda na ngazi, tukatoboa jipsam ya korido ya chini. Nyuma yake kuna paneli nzima, taa ya kijani inawaka. Walioikarabati hosteli walikata nyaya za ditekta, wakaona uvivu kuitoa, wakaifunika, umeme na laini ya simu zikabaki. Betri zake zimeandikwa 2016, zimevimba ubavuni kama andazi, na bado zilivumilia ile saa moja, sijui kwa dua za nani. Kwenye kompyuta ya zamani ilikuwa imeandikwa "hosteli ya zamani" na kila mtu alishazoea kuipita. Tulivyohamia kompyuta mpya aliyeingiza majina akaona hosteli haipo tena, akairuka.

Hiyo ilikuwa ya kuchekesha. Ya pili ndo ilinitoa jasho.

Zile namba za mchana zisizo na mpangilio, jamaa alizipanga moja chini ya nyingine: 2105, 3104, 2104, 3103. Akaniuliza, "mna jengo lolote la 3105?" Tunalo. Maabara. Paneli ya pale ni ya zamani kuliko zote na yenyewe haikuwa inatumia Contact ID, inatumia fomati ya 4/2, tarakimu 4 za akaunti na 2 za tukio, zinatumwa kwa kuhesabu mipigo. Contact ID ina tarakimu moja mwishoni ya kuhakiki, hesabu isipotimia risiva inakataa na paneli inarudia. Hii ya zamani kinga yake ni kutuma mara mbili tu, zikifanana inakubaliwa, hata kama zimefanana kwa makosa. Sasa watu wetu wa mtandao walivyobadilisha simu za jengo lile kuwa za intaneti, laini ya paneli nayo wakaichomeka humohumo, na kodeki waliyoweka, yani njia ya kugeuza sauti ipite kwenye intaneti, ni G.729, ile inayobana sauti ili isile mtandao. Sauti ya binadamu unaielewa fresh tu, ila milio ya paneli inafika imepondekapondeka, mipigo mitatu inasomeka miwili.

Na kwanini ilikuwa inapiga mara kwa mara? Paa linavuja, maji ya masika yanadondokea kwenye kitako cha ditekta moja koridoni, mvua ikinyesha inatuma hitilafu, ikikauka inatuma imepona. Ditekta yenyewe imejaa kutu na mjusi mkavu.

Kabla hawajarekebisha jamaa akasema tuhakikishe kwanza. Akapulizia moshi wa kopo kwenye ditekta nyingine ya maabara isiyo na kasoro, mimi nikakaa kontroli rumu na simu sikioni. Naisikia kengele ya jengo inalia kule, na kwenye skrini yangu inatokea: 2104, haijulikani. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo akasema "dada, na ile filta waliyowawekea ingekuwepo?" Ingekuwepo ningekuwa naangalia skrini nyeupe, nakunywa chai, jengo lenye mitungi ya gesi linalia. Sikumjibu, nikaenda nje kidogo.

Matengenezo yenyewe hayakuchukua hata nusu siku. Laini ya paneli ikarudishwa kwenye waya wa shaba moja kwa moja hadi PABX, paneli kumbe inaiweza Contact ID ni kwamba hakuna aliyewahi kuibadilisha, kitako cha ditekta kipya na resista ya mwisho wa laini mpya. Wakapulizia moshi mara tano, mara tano ikaja 3105, moto, maabara. Afu bila kuambiwa wakazunguka majengo yote, ditekta moja kila jengo, wananipigia "umepata nini?" Hapo tukagundua maktaba na ukumbi wa mihadhara zilikuwa zimebadilishana majina. Hizo zilikuwa zinajulikana, hazikuwahi kutoa mstari mwekundu, zinajulikana kwa uongo! Mlinzi angekimbilia maktaba wakati ukumbi unaungua.

Gharama siku mbili, laki 8 na nusu pamoja na vifaa. Mkumbuke ile profoma ya milioni 19. Risiva ni ileile, nzima kabisa.

Sasa ile nyota. Kuchelewa nimeshasema, na siku ya pili walichelewa tena. Tundu la jipsam wameliacha wazi, vumbi lote likamwagikia meza ya sekretari na mimi ndo niliyesemwa. Namba ya siri ya fundi kwenye paneli ya maabara waliiacha ileile ya kiwandani mpaka nilipouliza mwenyewe, hapo wakaibadilisha wakicheka cheka. Risiti ya EFD nimeisubiri siku tisa, wahasibu wetu walitaka kunila nyama. Jumapili hawapokei simu. Na zile betri zilizovimba bado zipo kwenye boksi nyuma ya mlango wa kontroli rumu, walisema watazifuata Jumatatu. Jumatatu ipi hawakusema.