Reflekta za pedeli, za spoku na za mguuni: nilizonunua kwa ajili ya zamu za usiku, na zipi sheria inazitaka

Katika vyote nilivyonunua msimu huu wa baridi, kilichonifaa kuliko vingine ni jozi ya pedeli za baiskeli za plastiki za pauni 12, zile zenye reflekta, yaani kipande cha kurudisha mwanga, ya rangi ya chungwa mbele na nyingine nyuma. Naanza na jibu ili mwenye haraka akanunue zake. Mwenye nafasi abaki nimweleze kwa nini kizibao cha njano, kilichokula hela karibu mara mbili ya hizo pedeli, nimekiweka mkiani.

Mimi ni mlezi wa wazee hapa Milton Keynes, Uingereza. Naingia kazini saa mbili usiku, natoka saa mbili asubuhi. Mwisho wa Desemba huku jua linazama kabla ya saa kumi jioni na halichomozi mpaka saa mbili asubuhi imepita, kwa hiyo miezi hiyo baiskeli yangu haijui mchana. Mji wenyewe una mtandao wa njia za baiskeli na waenda kwa miguu, wanaziita Redways, lami yake nyekundu, nyingi zinapita chini ya barabara kubwa kwa vivuko. Ndani ya Redway sina wasiwasi na gari. Wasiwasi unaanza pale njia inapokata mtaa mdogo, au inapobidi niingie barabarani kipande cha mwisho kufika kwenye nyumba ya wazee. Dereva wa saa hizo amechoka, kioo chake kina ukungu, na mimi nimevaa sare ya bluu iliyoiva.

Sheria kwanza, maana ndiyo iliyonipeleka dukani. Kanuni za mwaka 1989 za taa za vyombo vya barabarani zinasema hivi: kuanzia jua linapozama mpaka linapochomoza, baiskeli iwe na taa nyeupe mbele, taa nyekundu nyuma, na reflekta nyekundu nyuma. Tena kama imetengenezwa baada ya tarehe 1 Oktoba 1985, kila pedeli iwe na reflekta ya rangi ya chungwa upande wa mbele na upande wa nyuma. Jumla nne. Taa za kumetameta zimekubaliwa tangu 2005, mradi zipige kati ya mara 60 na 240 kwa dakika. Ukishuka ukaikokota baiskeli ukingoni mwa barabara, hayo yote hayakuhusu.

Kazini taa kila mtu anazijua. Hizo nne za pedeli sikupata wa kunitajia, hata kaka mmoja anayekuja na baiskeli ya bei ya kununulia pikipiki kwetu. Yeye ana zile pedeli za kunasa kiatu, hazina hata mahali pa kufungia reflekta, na usiku zinamtia kwenye kosa bila yeye kujua. Kosa la taa faini yake ya papo hapo ni pauni 50. Sijawahi kuona askari akiinama kukagua pedeli, na sitegemei kuona. Ila siku ukigongwa, wakili wa bima ya dereva ana kila sababu ya kuinama akazikagua, akadai na wewe umechangia ajali ili fidia yako ikatwe. Huyo ndiye wa kumwogopa.

Duka la kwanza nililoingia ni kubwa, lina mpaka mashine ya kahawa. Kijana wa pale akaniambia reflekta za pedeli ni mambo ya baiskeli za watoto. Nikamuuliza mbona kanuni za 2010 za uuzaji zinataka baiskeli mpya itoke dukani na reflekta za mbele, nyuma, kwenye magurudumu na kwenye pedeli? Akacheka, akasema wateja wakifika nyumbani wanazing'oa kwa sababu ni mbaya. Hapo hakudanganya. Ukipita kwenye maegesho ya baiskeli pale stesheni utaona mabano matupu chungu nzima, yale yaliyoshika reflekta zamani.

Pedeli nikazipata duka dogo la fundi, mzee asiye na maneno mengi. Alinitajia mambo mawili tu kuhusu kufunga. La kwanza, pedeli ya kushoto nyuzi zake zimegeuzwa, unakaza kwa kuzungusha kinyume cha saa. Zimeandikwa L na R kwenye chuma, usizichanganye. La pili, paka grisi kwenye nyuzi, la sivyo siku ya kuzifungua utamtafuta yeye. Spana namba 15 inatosha. Plastiki yake si ya kujivunia, inateleza kidogo mvua ikinyesha, na kwa kiatu cha kazi chenye soli laini unaisikia. Nimeziondolea nyota moja kwa hilo.

Sasa kwa nini nazisifu. Reflekta ya nyuma imetulia mahali pamoja. Dereva akiiona kwa mbali, inaweza kuwa nguzo, inaweza kuwa lango la mtu, inaweza kuwa gari limeegeshwa. Reflekta za pedeli zinapanda na kushuka kwa zamu, moja juu moja chini, na hakuna kingine barabarani kinachofanya hivyo isipokuwa mtu anayeendesha baiskeli. Dereva hahitaji kufikiri. Watafiti wa chuo kikuu cha teknolojia cha Queensland, Australia, walichapisha mwaka 2012 matokeo ya jaribio kwenye barabara iliyofungwa usiku: mwendesha baiskeli aliyevaa kizibao cha kuakisi pamoja na mikanda ya kuakisi kwenye vifundo vya miguu na magoti alitambuliwa na madereva mara 90 kwa mia. Kizibao cha kuakisi peke yake, 50. Kizibao cha rangi kali kisicho na vipande vya kuakisi, 15. Nguo nyeusi, 2. Hiyo 15 ndiyo iliyonikata maini, maana ndiyo niliyokuwa nakaribia kuilipia.

Rangi ile ya njano ya ndimu inawaka mchana kwa sababu inakula miale ya jua isiyoonekana na kuitoa kama mwanga. Usiku miale hiyo haipo. Chini ya taa za barabarani kizibao chako kina heshima sawa na shati lolote la rangi nyepesi, kazi yote inafanywa na ile mistari ya fedha. Nacho mgongoni nimekifunika na begi la chakula na viatu vya kubadilisha. Halafu kuna kufua: kwenye lebo ya kizibao wameandika idadi ya mafuo ambayo mistari itavumilia, baada ya hapo hawaahidi kitu. Sheria haikulazimishi kukivaa hata kidogo. Mimi nakivaa asubuhi kukiwa kumepambazuka, hapo kinafanya kazi yake vizuri.

Kwa pauni 5 nilinunua mikanda miwili ya mguuni, ile ya chuma chembamba unayoipiga ikajizungushia yenyewe. Hii nayo naipa nyota zote, na faida yake ya pili ni kwamba suruali ya sare haiingii tena kwenye cheni. Tatizo ni kwamba inazeeka haraka. Ngozi ya fedha inapasuka pale inapokunjwa, na ikipasuka inaingiza maji. Ukiiona imeanza mistari mistari, nunua mingine.

Reflekta nyekundu ya nyuma ni pauni 4, na hapa msikubali kila chekundu. Itafuteni ile iliyoandikwa BS 6102/2 kwenye uso wake, ndiyo alama ya kiwango cha Uingereza. Taa nyingi za nyuma zinauzwa kwa maneno kwamba zina reflekta ndani, ukigeuza huku na huku alama huioni. Pia isikae juu sana, isizidi sentimita 90 kutoka ardhini. Mtu mrefu aliyeinua kiti akaifunga chini kidogo ya tandiko anaweza kuvuka hapo. Mimi ni mfupi, shida yangu ni keria: nikifunga mfuko wa soko nyuma, unaifunika kabisa. Nimeihamishia kwenye ukingo wa nyuma wa keria yenyewe, kwa bolti mbili.

Niseme kidogo reflekta inavyofanya kazi, maana kuna shoga yangu alizima taa ya nyuma kuokoa betri akisema reflekta ipo. Ukiichungulia kwa karibu utaona vipembe vidogo vingi, kila kimoja kina kuta tatu. Mwanga ukiingia unagonga kuta hizo na kurudi kulekule ulikotoka, kwenye taa za gari, karibu na macho ya dereva. Ndiyo maana yeye anaiona inawaka na wewe uliyesimama kando huoni kitu. Sasa gari linalotaka kutokea barabara ya pembeni taa zake zinamulika ukuta wa mbele yake. Reflekta yako haina cha kurudisha. Mtu wa miguu naye hana taa ya kumulika. Hapo ni taa tu, shoga. Na matope: kwa wiki ya mvua reflekta ya chini inageuka kuwa kipande cha plastiki cheusi. Kitambaa chenye maji, sekunde chache, basi.

Kwenye spoku nimeweka vile vijiti vyembamba vya kijivu vya kubana, nilivyonunua ni vya Scotchlite, chapa ya vifaa vya kuakisi ya kampuni ya 3M, 36 kwa pauni 8. Vinapendeza sana. Mchana huvioni, gari likimulika kutoka ubavuni gurudumu zima linakuwa duara la fedha. Kwenye makutano ya Redway na mtaa, kama gari limeshageuza pua kukuelekea, hakuna kinachokutangaza kuliko hivi. Kwa mwendeshaji hapa Uingereza sheria haivilazimishi, kitabu cha mwongozo wa barabarani (Highway Code) kinavitaja kama msaada tu. Binamu yangu aliyeko Ujerumani kwao ni lazima: ama reflekta mbili za njano kwa kila gurudumu zilizotazamana, ama duara jeupe kwenye tairi au rimu, ama vijiti hivi kwenye kila spoku bila kuruka hata moja. Mimi niligawa 18 mbele 18 nyuma, nikaruka moja moja, na bado vinaonekana vyema. Vichache vilichomoka kwenye ngazi za kivuko. Vidole vyako vijiandae, kubana hivyo kwenye baridi ni adhabu.

Cha kutupa ni utepe. Niliuagiza mtandaoni kwa muuzaji ambaye picha zake zinawaka kama umeme wa radi. Uliofika unameremeta mchana, usiku haujui kurudisha mwanga. Kupima ni rahisi: zima taa za chumba, simama hatua saba hivi, weka simu usawa wa macho na upige picha yenye flashi. Reflekta ya kweli inatoka nyeupe kabisa kwenye picha, ya uongo inabaki rangi yake. Wangu ulibaki rangi yake. Kabla ya mvua ya pili ulikuwa umeshabanduka kwenye fremu na kuacha gundi inayokusanya vumbi.

Mliokulia na baiskeli za Raleigh au Phoenix mtaikumbuka ile sehemu nyeupe mwishoni mwa madigadi ya nyuma, na reflekta nyekundu ya mviringo juu yake. Kwetu Tanga sisi watoto tulidhani ni urembo. Kumbe ilitokana na sheria za huku. Sheria ya Uingereza ya 1927 iliruhusu baiskeli iwe na reflekta nyekundu nyuma badala ya taa, kisha miaka ya 1930 wakaongeza sharti la eneo jeupe nyuma. Chama cha waendesha baiskeli cha wakati huo, CTC, kiliipinga taa ya nyuma kwa nguvu, hoja yao ikiwa kwamba ni kazi ya dereva kuangalia anakokwenda. Hoja hiyo mimi naielewa kabisa. Nikiwa barabarani saa mbili kasoro usiku, hata hivyo, sina nafasi ya kuijadili na mtu aliye nyuma ya usukani.

Kama una pauni 20 tu, na taa unazo tayari, nunua pedeli na mkanda wa mguuni, na reflekta ya nyuma yenye alama kama ya kwako imeng'olewa. Kwa pedeli na mikanda chenji itabaki, ukiongeza reflekta tafuta pauni moja zaidi. Vijiti vya spoku viache mpaka mshahara mwingine. Kizibao omba kazini, kwetu vimejaa stoo.

Mdogo wangu kaniomba nimtumie pedeli kama hizi nyumbani kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe. Nimemwambia asogeze rula kwanza: pedeli nyingi za watu wazima zina nyuzi za inchi 9/16, baadhi ya baiskeli za watoto ni nusu inchi, na hazibadilishani. Jibu lake bado nalisubiri, mzigo unaondoka Ijumaa.