Shafti Ngumu za Gari la Porini: Tazama Shingo Kabla ya Kuhesabu Meno

Malalamiko ninayopokea yanafanana mno. Mtu kaweka tairi kubwa, kafunga difu loki (kifaa kinacholazimisha magurudumu mawili ya ekseli kuzunguka pamoja), kanunua shafti za kromoli (chuma chenye kromi na molibdeni) zilizosifiwa hadi basi, zile fimbo zinazotoa nguvu kwenye difu hadi gurudumuni, halafu kwenye mwamba wa kwanza wa maana: tak! Gurudumu moja halisukumi tena. Fundi akichomoa anakuta shafti mpya imekatika palepale ilipokatikia ile ya kiwandani, kwenye mwisho wa meno yanayoingia ndani ya difu. Pesa imekwenda, chuma kimebadilika, ugonjwa ni uleule.

Sitakueleza namna ya kujua difu yako inachukua shafti ya meno mangapi wala ya urefu gani. Hayo fundi yeyote atakupimia. Ninachotaka uangalie ni shingo.

Shingo ni pale meno yanapoishia na mwili laini wa shafti unapoanza. Shafti nyingi za kawaida zina mwili mnene kuliko chuma kilichobaki chini ya meno. Ukiishika unaona imeshiba, unaridhika. Kumbe unene huo ndio unaoiponza. Mwili mnene haukubali kujisokota, kwa hiyo gurudumu likinasa na injini bado inasukuma, msokoto wote unakimbilia kwenye kale kasehemu kembamba kwenye mwisho wa meno. Ni kama kukamua shuka: ukilishika kwa urefu linajisokota lote taratibu, ukilibana karibukaribu nyuzi zinaachia hapohapo mkononi. Mtengenezaji anayejua kazi huuchonga mwili hadi ulingane na mzizi wa meno (chini kabisa, kati ya jino na jino) au upungue kidogo, na pale vinapokutana huacha mteremko laini badala ya ngazi. Shafti ya namna hiyo inaonekana nyembamba kwenye rafu ya duka, na wengi huipita wakachukua nene.

Kuikagua hakuhitaji maabara. Chukua kalipa (kipimo cha unene) upime kipenyo kwenye mzizi wa meno, kisha upime mwili. Halafu pitisha ukucha kutoka kwenye meno kuelekea mwilini. Ukucha ukikwama kwenye kona kali, au ukihisi michirizi ya mashine ikizunguka shafti, irudishe. Msokoto huuma zaidi juu ya ngozi ya chuma kuliko katikati yake, na ufa hupenda kuanzia kwenye mchirizi wa namna hiyo.

Kama unadhani natia chumvi, piga hesabu. Injini yenye msokoto wa Nm 400, gia ya kwanza mara 4, gia ndogo ya transfa (sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma) mara 2.5, difu mara 4.1: unapata Nm 16,400, kabla ya kutoa kinachopotea njiani. Ukiwa umefunga loki na ni gurudumu moja tu lenye mshiko, sehemu kubwa ya mzigo huo inaweza kuishia kwenye shafti moja.

Unene wa meno una maana yake, sikatai. Nguvu ya kuhimili msokoto hukua kwa kipenyo mara kipenyo mara kipenyo, kwa hiyo ukitoka inchi 1.31 (meno 30, za ekseli aina ya Dana 44) ukaenda inchi 1.5 (meno 35, za Dana 60), kwa chuma kilekile unaongeza karibu asilimia 50. Chuma nacho: aina ya 4340 ina nikeli, kromi na molibdeni, na 300M ni ndugu yake aliyeongezewa silikoni na vanadi. Ila chuma bora kilichochongwa shingo vibaya ni hasara iliyong'arishwa.

Sasa orodha yangu. Ya kwanza, kwa gari lenye ekseli nzima mbele (bomba moja linalounganisha magurudumu mawili) na krosi (kiungo cha umbo la msalaba) kwenye kona za usukani, ni shafti za kampuni ya RCV. Sijifichi, naipendelea. Wao huitoa krosi kabisa na kuweka sivi joint (kiungo cha gololi kinachozungusha kwa mwendo usiobadilika) ndani ya ekseli ileile. Krosi ikiwa imenyooka ni ngumu, lakini ukikata usukani hadi mwisho huku unapanda, masikio ya shafti yanayoishika krosi hutanuka, kikombe cha beringi kinachomoka, na baada ya hapo ni vipande. Sivi haina masikio ya kutanuka, na gurudumu huzunguka kwa mwendo mmoja hata likiwa limekatwa. Wenye Land Rover kama Defender, na Toyota, za ekseli nzima walipewa sivi tangu kiwandani. Hao ningewaelekeza kwa watengenezaji wa shafti: Ashcroft kwa Land Rover, na Longfield kwa Toyota. Hata hizo, ukucha upite.

Ya pili si shafti peke yake: ni kugeuza ekseli ya nyuma iwe ya habu (kitovu cha gurudumu) inayobeba uzito yenyewe, shafti ibaki kusukuma tu. Hilux na Wrangler zinategemea shafti ibebe gari na kusukuma pia, na ikikatika kwa nje gurudumu linaweza kukuaga. Kwenye Defender habu ndiyo inayobeba. Shafti ikikatika unaichomoa, unaziba, unarudi nyumbani kwa magurudumu ya mbele. Ni gharama kubwa, lakini ni usingizi.

Ya tatu ni shafti za 4340 zenye krosi, kama za kampuni za Yukon au Ten Factory. Ni nzuri. Dai pete za duara kamili za kushikilia vikombe, zile za nusu huruka.

Za bei nafuu, za chuma cha 1541H, zinatosha kwa tairi za kawaida na mguu mwepesi. Basi.

Wauzaji sasa. "Imara mara tatu," wanaandika. Mara tatu ya nini? Ya shafti mpya ya kiwandani, au ya ile iliyochakaa? Muuzaji mmoja nilimwomba kipenyo cha shingo, akanitumia picha ya boksi. Nikaomba tena, akanitumia boksi kwa upande mwingine. Na hiyo dhamana ya maisha isomwe hadi mwisho kabla ya kulipa: mara nyingi inakupa shafti nyingine tu, haimlipi fundi wala gari la kukuvuta, na wengine huifuta ukizidisha ukubwa fulani wa tairi, ilhali tairi kubwa ndiyo iliyokupeleka dukani.

Ukishafunga, chora mstari mmoja wa rangi kutoka mwanzo hadi mwisho wa mwili. Kila unapoichomoa kukagua, tazama: mstari ukianza kujizungusha, shafti imeshajisokota na haitarudi, na meno yaliyojisokota hunasa ndani ya difu hadi kuyatoa kuwe vita. Za zamani zilizo nzima usiziuze. Zibebe kama spea, uziandike kulia na kushoto kwa sababu mara nyingi urefu hautoshani, na uweke sumaku yenye mpini mrefu pamoja nazo. Kipande kilichobaki ndani ya bomba la ekseli hakitoki kwa kidole.