Jakuzi la kuni uani kwangu Njombe: tathmini baada ya msimu mzima wa baridi

Mume wangu aliendesha malori miaka 31, na mgongo wake ndio uliobeba gharama. Ikifika Juni, Njombe inapoanza baridi yake ya kweli, asubuhi hunyanyuka kitandani akishika ukuta. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimemkanda kwa taulo la moto usiku mwingi sana, na kila mara taulo hupoa kabla mgongo haujalegea. Mwaka juzi tulipita kwenye maji moto ya Songwe, kule Mbeya. Yanapochomoza ni ya kuunguza, lakini tulipata mahali yalipopoa akaloweka miguu. Akaniambia, "Mama watoto, ningeyapata haya mpaka mabegani ningelala kama mtoto."

Hapo ndipo jambo hili lilipoanzia. Majakuzi ya dukani yana bei ya gari bovu na yanakula umeme bila huruma, kwa hiyo tukajenga letu la kuni. Tumelitumia tangu mwanzo wa Juni mpaka mwisho wa Agosti, na kila siku tulipowasha niliandika kwenye daftari saa, joto na kuni. Ninayoyasema hapa yanatoka kwenye daftari hilo.

Nianze na tangi. Fundi wa kwanza alipendekeza pipa la lita 200 na moto chini yake. Wajapani wana beseni la chuma la namna hiyo, goemonburo, na mwogaji huzamisha ubao wa kukanyagia ili nyayo zisiungue. Ni kitu kizuri kwa mtu mwepesi wa viungo. Kwa mzee asiyeweza kuchuchumaa, pipa ni mateso. Nilitaka akae, anyooshe miguu, aegemee. Nikachagua tangi la mraba la lita 1,000, lile jeupe la plastiki lenye kizimba cha chuma, ambalo viwanda huletewa nalo malighafi.

Nililinunua Makambako kwa Sh 150,000, na naomba mnisikilize vizuri hapa. Muuzaji alikuwa na matangi tisa. Manne yalikuwa na vibandiko vya alama za hatari, na moja halikuwa na kibandiko lakini nilipoingiza kichwa mdomoni mwake pua ikawasha. Alisisitiza kwamba "likioshwa halina neno". Plastiki hunyonya kemikali, na maji ya moto huzitoa tena, nawe umekaa humo ngozi yako yote ikiwa majini. Nilikataa, nikasubiri mpaka akashusha lililobeba sukari nzito ya kutengenezea pipi, kibandiko kikiwa mahali pake. Lilioshwa kwa maji moto na sabuni ya vyombo mara tatu, basi. Usichukue tangi usilolijua historia yake hata ukipewa bure.

Tulilikata juu kwa grainda, likabaki na kimo cha sentimita 75. Kata juu kidogo ya chuma cha mlalo, usikate chini yake, kwa sababu kizimba ndicho kinachozuia plastiki isitanuke maji yakijaa. Ukingo wa plastiki ulikuwa mkali kama kisu. Tukapasua mpira wa kumwagilia kwa urefu tukauvisha ukingoni. Bomba la kutolea maji lililokuja na tangi ni zuri na kubwa, lakini uzi wake mnene haufungani na mabomba yetu ya kawaida, kwa hiyo nunua adapta yake siku hiyohiyo.

Sasa koili, roho ya kitu chote. Ni bomba la shaba la robo tatu ya inchi, mita 10, nililolipa Sh 210,000. Ndilo lililonigharimu kuliko vyote na ndilo ninalolipa alama za juu kuliko vyote. Aliyelikunja ni fundi friji, kijana mtulivu, na kazi yake ilikuwa raha kuitazama. Alijaza mchanga mkavu laini ndani ya bomba, akaziba ncha mbili kwa vijiti, kisha akalizungusha taratibu kwenye mtungi wa gesi wa kilo 15. Mchanga unazuia bomba lisibonyee. Zikatoka duru nane, akabakiza karibu mita moja kila upande. Halafu akamwaga mchanga kwa kuligonga kwa mpini wa nyundo, tukapitisha maji mpaka yakatoka safi.

Koili hiyo imesimama ndani ya jiko la matofali ya kuchoma niliyoyaungia udongo wa kichuguu. Moto unawaka katikati ya duru zake. Hakuna pampu wala umeme. Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda na kuingia tangini kwa tundu la juu. Ya baridi huteremka kwa tundu la chini na kuingia koili kutoka chini. Yanazunguka yenyewe mradi moto upo. Mara ya kwanza nilipoweka mkono kwenye tundu la juu na kusikia maji ya moto yakisukuma kiganja changu pole pole, nilimwita mume wangu kwa sauti hata jirani akaja mbio.

Lakini hiyo haikuwa siku ya kwanza kuwasha. Siku ya kwanza ilinitisha. Fundi aliyefunga mabomba (si yule wa friji) alipitisha bomba la juu likapanda, likashuka kidogo kupita ukuta wa jiko, kisha likapanda tena. Nilimuuliza kuhusu ule mgongo akasema maji yatajua njia. Hewa ikakwama pale juu ya mgongo, maji yakasimama, koili ikaanza kutoa mvuke. Bomba likagonga kama mtu anapiga nondo kwa nyundo, na maji ya kuchemka yakatema tangini. Namshukuru Mungu hapakuwa na mtu ndani. Tuliuondoa moto kwa koleo. Pia alikuwa ametumia bomba la plastiki jeupe mpaka karibu na jiko, na lilikuwa limeshalegea na kupinda. Nilimlipa Sh 40,000 zake, na sikumwita tena.

Fundi friji ndiye aliyekuja kurekebisha. Alisema neno moja ambalo nimeliandika kwenye jalada la daftari: "Mama, bomba la moto lipande tu, lisishuke hata kidole." Alinyanyua tangi juu ya tofali za saruji mistari miwili, ili tundu la juu liwe juu kabisa ya koili. Kutoka kwenye shaba akaunga mpira wa rejeta ya gari, ule mweusi mnene, kwa vibano vya chuma. Mpira huo umetengenezwa kwa ajili ya maji ya moto na unapatikana kila duka la vipuri. Miezi mitatu haujavuja tone. Tundu la chini liko sentimita 10 kutoka sakafu ya tangi, la juu sentimita 45, na maji sharti yalifunike la juu kabla hujawasha kiberiti. Yakiwa chini yake mzunguko unakatika, na utarudi kwenye kile kishindo nilichokieleza. Na usiweke koki popote katika mzunguko huu. Siku mtu atakapoifunga moto ukiwaka, mvuke utakosa pa kutokea.

Joto lenyewe. Najaza ndoo 31 za lita 20, yaani lita 620. Maji ya bomba Julai yalikuwa nyuzi 14. Kwa kuni za miwati zilizokauka, nikiwasha saa tisa alasiri, saa kumi na mbili jioni nina nyuzi 39. Kilo 18 za kuni, wakati mwingine 20. Nilipiga hesabu: kuyapandisha maji hayo nyuzi 25 kwa umeme kunataka yuniti 18 za LUKU hata kabla ya kuhesabu yanayopotea hewani, na hita ya kuchovya ya wati 1,500 ingechukua saa 12. Hapa Njombe miwati ipo tangu enzi za mashamba ya magome ya kutengenezea ngozi, na ndiyo kuni ninayoipendekeza. Inawaka kwa nguvu, moshi kidogo. Paini ni rahisi na imejaa kila kiwanda cha mbao, lakini lami yake inaipaka koili masizi mazito, na masizi yanazuia joto lisipenye. Kwa paini tupu ilinichukua saa nne na robo, na kesho yake nilisugua koili kwa brashi ya waya.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza: maji ya moto hukaa juu. Mara ya pili kuwasha nilipima juu nikapata 41, chini ya tangi 27. Mtu angeingia angepata joto kali kifuani na kutetemeka miguu. Sasa nakoroga kila nusu saa kwa mwiko mkubwa, ule wa kupikia ugali wa msiba, na kabla mtu hajaingia napima mara mbili, juu na chini.

Kutunza joto hakukunigharimu sana. Tulizungushia mabanzi ya paini kwa nje, na kati ya mabanzi na kizimba tukashindilia maranda ndani ya magunia ya nailoni ili yasilowe. Kifuniko ni mbao zilizobandikwa kipande cha godoro kilichovishwa turubai. Bila kifuniko maji yalipoteza nyuzi 3 kwa saa moja ya jioni yenye upepo. Kikiwa juu, nyuzi 1 tu. Kifuniko kina kufuli, na ufunguo unakaa shingoni mwangu. Wajukuu wanakuja likizo, na mtoto mdogo hahitaji maji mengi ili kuzama.

Niseme kama muuguzi. Nyuzi 40 ndiyo mwisho, hata kwa mtu mwenye afya. Mume wangu anatumia dawa za presha, kwa hiyo tulimuuliza daktari wake kwanza. Anaingia kwenye 38, dakika 15, na anasimama polepole akishika, kwa sababu maji ya moto hupanua mishipa na presha hushuka ghafla. Mjamzito asiingie bila ruhusa ya daktari wake. Aliyekunywa ulanzi au bia asiingie kabisa. Kila mtu anaoga kwa sabuni kwanza, bafuni, ndipo anaingia tangini, kwa sababu sitii klorini. Maji yetu ni ya jioni moja, mbili yakizidi; baada ya hapo ni shamba la vijidudu. Nayaacha yapoe, nayafungulia kwenye mitaro ya mboga, nasugua kuta za tangi. Kujaza tena ndoo 31 ni kazi, na kwa mwenye maji ya kununua hesabu hiyo peke yake inaweza kumkatisha tamaa.

Jumla yote, pamoja na saruji, matofali, usafiri kutoka Makambako na ufundi wa yule kijana, imefika Sh 704,000. Zile 40,000 za yule aliyekosea mabomba ziko nje ya hesabu hiyo. Ni fedha nyingi kwetu. Tuliuza magunia ya viazi tuliyokuwa tumeyapangia kazi nyingine.

Na mgongo? Siandiki kwamba umepona. Pingili zilizolika hazioti upya. Ninachoweza kusema ni kilichomo daftarini. Tuliwasha mara 22, na katika usiku huo wote 22 aliamka kugeuzwa mara mbili tu. Kabla ya hapo ilikuwa karibu kila usiku. Kuna jioni moja ya Julai ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, mvuke unapanda, naye amezama mpaka mabegani kama alivyotamani, macho yamefumba, anaimba taratibu wimbo wa kwaya wa ujana wetu. Nilikaa kwenye kigoda karibu na jiko nikichochea. Sikuwa nimemsikia akiimba miaka mingi.

Lina kasoro moja kubwa, na ni ya mpango wangu, si ya kifaa. Kwa kunyanyua tangi juu ya tofali, ukingo umefika sentimita 120 kutoka chini. Tulilazimika kutengeneza ngazi ya mbao yenye mkono wa kushikia, na kila akivuka ule ukingo nashika pumzi. Mtu mwenye mgongo mbovu hapaswi kupanda ngazi akiwa amelowa. Wakati huohuo uwanja wetu wote ni mteremko, kama viwanja vingi vya Njombe! Tangi lilipaswa kukaa kwenye tuta la juu, ardhini, na jiko likae tuta la chini yake. Koili ingekuwa chini ya tangi bila tofali hata moja, na yeye angeingia kwa kuvuka ukingo mfupi akiwa amekaa kwenye benchi.

Kwa hiyo Mei, mvua zikikatika, tunahamisha. Fundi friji ameshapima tuta la nyuma ya jiko la kupikia kwa kamba na chupa ya maji, amesema panatosha. Zege la sentimita 10 litamwagwa kwanza likae wiki tatu, maana maji pekee ni zaidi ya kilo 600. Miwati nimeshaipanga chini ya paa ikauke.