Seti ya modeli za kiinitete: kipande cha wiki ya tatu ndicho kinacholipa fedha yote

Nafundisha uzazi kwenye chuo cha uuguzi na ukunga mkoani Tanga. Mwaka huu chuo kilikubali tununue seti ya modeli za plastiki zinazoonyesha safari ya mimba, kuanzia yai na mbegu ya kiume hadi mwisho wa mwezi wa kwanza. Tuliichukua Kariakoo, kwenye duka moja la vifaa vya maabara, kwa laki nne na nusu baada ya kupatana sana. Wakufunzi wenzangu wa vyuo vingine wamekuwa wakinipigia kuuliza kama inafaa, kwa hiyo majibu yangu ni haya.

Nianze na panaponiudhi. Sehemu ya gameti, yaani yai na mbegu ya kiume, ni dhaifu. Kuna ovari iliyopasuliwa katikati, na pembeni yake yai linaloelezwa kuwa limemaliza kujigawa, lina kromosomu zake 23 na linasubiri mbegu tu. Sivyo ilivyo. Yai linalotoka kwenye ovari limesimama katikati ya mgawanyiko wa pili wa meiosisi, ule mgawanyiko unaopunguza kromosomu ziwe nusu, na halimalizi mpaka mbegu iingie. Mbegu ikishaingia ndipo yai linapotupa kando seli ndogo ya pili na kubaki na nusu yake ya kromosomu. Seti hii imeruka hatua hiyo, na imeruka pia jambo ambalo kwa mkunga ni kubwa zaidi: mayai ya mwanamke huanza kujigawa yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha husimama. Kijusi cha kike cha wiki 20 hivi kina mayai kama milioni 6 au 7. Mtoto akizaliwa hubaki kati ya milioni 1 na 2, na katika maisha yake yote yatakayopevuka na kutoka ni kama 400 tu. Yai la mama wa miaka 40 limesubiri miaka yote hiyo, na kusubiri huko ni sababu mojawapo ya kromosomu kukosea kugawanyika kadiri umri unavyosogea. Mbegu za kiume huanza upya kila siku na kila kundi huchukua kama miezi miwili na zaidi kidogo. Haya yote nayachora ubaoni mwenyewe, modeli haisaidii.

Kosa la pili limo kwenye zaigoti, yaani yai lililokwisha kutungishwa, inapojigawa. Seli mbili, nne, nane, kisha morula, kifundo cha seli kama kumi na sita, na kila tufe limetengenezwa kubwa kuliko lililotangulia. Mwanafunzi akiyapanga mezani anaamini kiinitete kinanenepa. Ukweli ni kwamba siku hizo za mwanzo kinabaki na ukubwa uleule wa yai, takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, kikiwa bado ndani ya ganda lake, na seli ndizo zinazozidi kuwa ndogo kila zinapogawanyika. Kiwanda kingeweza kutumia kalibu moja kwa matufe yote na kupunguza hata gharama. Siku hizi nayaacha kwenye boksi.

Blastosisti, hatua inayofuata ambapo seli huwa kama kitufe chenye uwazi ndani, ni nzuri. Inafunguka nusu kwa nusu, na rangi zinatenganisha seli za ndani zitakazokuwa mtoto na zile za nje, trofoblasti, zitakazotengeneza kondo la nyuma. Inakuja na ubao wa mji wa mimba wenye mrija mmoja uliopasuliwa, na vitufe unavyoweza kuvibandika hatua kwa hatua: utungisho kwenye sehemu pana ya mrija, morula siku ya tatu au ya nne, blastosisti kama siku ya tano, kujipandikiza ukutani kuanzia siku ya sita au ya saba. Ukikiacha kitufe katikati ya mrija, huhitaji maneno mengi kueleza mimba iliyotunga nje. Wanafunzi wanauona ule wembamba wa mrija na wanaelewa kwa nini unapasuka.

Sasa wiki ya tatu. Hapa aliyebuni seti alijua anachokifanya, na kwa kipande hiki peke yake ningelipa tena. Ni kijisahani cha umbo la yai, kinatosha kiganjani. Juu yake kuna mfereji mwembamba unaoanzia mkiani na kuishia karibu na katikati, kwenye kinundu kidogo. Kimeshikiliwa kwa sumaku, kwa hiyo unakibandua tabaka kwa tabaka. Mwanzoni matabaka ni mawili, epiblasti juu na haipoblasti chini. Halafu unaweka vipande vinavyoonyesha seli za juu zikizama kupitia mfereji: za kwanza zinaisukuma haipoblasti na kuwa endodemi, ya njano; zinazofuata zinajitandaza katikati na kuwa mesodemi, nyekundu; zilizobaki juu ni ektodemi, ya bluu. Kwa kidole chako unaona kwamba matabaka yote matatu yametoka epiblasti. Njano itakuwa utando wa ndani wa utumbo na mapafu, pamoja na ini. Nyekundu ni misuli, mifupa, damu, moyo, figo. Bluu ni ngozi ya juu, ubongo na neva.

Kipande kinachofuata kinaonyesha ile bluu ikijikunja kingo zikutane, kama mkeka unaokunjwa, mpaka iwe mrija wa neva. Upande wa kichwa hufunga kama siku ya 25, wa chini siku ya 27 au 28. Usipofunga chini, ndiyo mgongo wazi. Mwanafunzi mmoja alikishika akakigeuza, akauliza, "Madam, kwa hiyo mama akija kliniki na miezi mitatu, kwa hili tumeshachelewa?" Nikamjibu ndiyo, kwa hili tumeshachelewa. FEFO, vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, tutampa, damu inavihitaji, lakini mrija ulishafunga au haukufunga kabla hajajua ana mimba. Foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, inatakiwa mwilini kabla ya kushika mimba. Tangu 2011 kanuni za Tanzania zinataka viwanda viiongeze kwenye unga, ila familia inayosaga mahindi yake kwenye mashine ya mtaani haiipati. Darasa zima lilikaa kujadili hilo, na kipindi kilichofuata kikaliwa.

Angalieni siku zilizoandikwa kwenye vibao. Zinahesabiwa tangu utungisho, wakati kliniki tunahesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Siku ya 28 ya modeli ni wiki ya sita ya kadi ya kliniki. Tulibandika lebo zetu zenye hesabu zote mbili, kwa Kiswahili, maana kijitabu kilichomo kwenye boksi hakisomeki.

Rangi inachubuka ukifuta kwa spiriti, tumieni kitambaa chenye maji. Boksi letu lilifika na sumaku moja imeng'oka na duka halikutaka kusikia, tukaigundisha wenyewe. Kabla ya kulipa, mwambieni muuzaji afungue, kibanduliwe kile kijisahani mbele yenu, na mhesabu kama vipande vyekundu vimo vyote. Chuo chenye fedha kidogo kiulize kama kijisahani na mrija wa neva vinauzwa peke yake; sisi tuliambiwa kwa oda inawezekana.