Meya wa mkufu, meya wa madaraka: Camden na Hackney

Camden na Hackney ni halmashauri za London, na madiwani huchaguliwa kila baada ya miaka 4. Camden ina madiwani 55. Wao ndio humchagua kiongozi wa halmashauri, na wakimchoka humng'oa kwa kura zao wenyewe. Meya yupo, ila ni wa kuvaa mkufu wa cheo, kuongoza vikao na kukata utepe, mwaka mmoja basi.

Hackney, tangu 2002, meya huchaguliwa na wananchi moja kwa moja, naye ndiye mwenye madaraka. Madiwani 57 wa Hackney wakitaka kubadili bajeti ya meya, lazima wapate theluthi mbili ya kura. Si mchezo! Mkufu huvaliwa na spika, anayeongoza vikao. Mimi ningechukua Camden: anayeweza kung'olewa hata kesho husikiliza upesi.