Mini UPS ya ruta: inatibu ukatikaji wa aina moja tu

Katika maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, anayelalamika kwamba intaneti ya nyumbani inakatikakatika huonyeshwa upesi kisanduku kinachoitwa mini UPS, yaani betri ndogo ya kuiendesha ruta stima ikipotea. Ni kifaa kizuri, ila dawa yake ni ya ukatikaji unaoletwa na stima, basi.

Kabla ya kutoa pesa, ingia kwenye ukurasa wa ruta (192.168.0.1 au 192.168.1.1, anwani iko kwenye kibandiko chini yake) utafute palipoandikwa Uptime, yaani muda ambao ruta imekaa ikiwaka. Intaneti ikikatika na hesabu hiyo ikaanza upya, ruta ilizimika ikawaka tena. Hesabu ikiendelea, stima haina hatia. Tazama taa: ile ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga wa faiba haufiki, pengine waya umepindwa mno nyuma ya kabati, na hilo ni la mtoa huduma. Taa zikiwa sawa lakini simu zinapoteza Wi-Fi, kwenye maghorofa ya mitaa kama Pipeline au Roysambu shida huwa ni msongamano wa Wi-Fi za majirani. Chagua chaneli 1, 6 au 11 kwenye GHz 2.4, upana wa MHz 20.

Ruta ikizimika hata stima ikiwa imara, shuku adapta. Adapta ya volti 12 inayoshuka chini ya 11 ruta inapofanya kazi imechoka. Badilisha hiyo kwanza, ni rahisi kuliko UPS.

Sasa kifaa chenyewe. Zile za 8800 mAh ndizo nyingi, na wauzaji huahidi saa nane. Piga hesabu: 8800 mAh kwa volti 3.7 ni kama Wh (wati-saa) 32.5, na baada ya hasara ya kupandisha volti hubaki takriban 27. Ruta inayokula wati 7 itapata karibu saa nne. Ukiongeza kisanduku cha faiba cha wati 4 au 5, ni saa mbili na kitu. Kwa bei yake, hiyo si haba, na kinapobadilisha kutoka stima kwenda betri ruta haizimiki hata kidogo. Hapo ndipo kinastahili sifa.

Kinachowaharibia wengi ni nyaya na matundu. Usichomeke ruta ya volti 9 kwenye tundu la 12, unaweza kuiunguza. Tundu la POE (stima inayopita kwenye waya wa mtandao) la volti 15 au 24 ni la vifaa kama antena za juu ya paa. Pini ni mm 5.5 kwa 2.1 au 5.5 kwa 2.5 (upana wa nje kwa tundu la ndani): plagi ya 2.5 huingia kwenye ruta ya 2.1 lakini hulegea, na ukiigusa tu ruta inazima, ukadhani UPS ni mbovu. Tena soma ampea. Ruta inayodai volti 12 kwa ampea 2 isiwekwe kwenye tundu la ampea 1, kwani itazimika ikianza kufanya kazi nzito.

Na kama mtandao wako unaletwa kwa waya wa kawaida kutoka swichi (kisanduku cha kugawa intaneti) iliyo kwenye ngazi za jengo, stima ikipotea swichi nayo inalala, hata ruta yako ikiwaka vizuri. Muulize keyateka, yaani msimamizi wa jengo, kama swichi hiyo ina betri yake kabla hujanunua.